Mgongo wa Chaki

  

Nimekuja na chaki mbili, zote kutoka boksi moja. Hii ni mpya, urefu wake kama kidole cha kati. Hii nyingine imeandikiwa mpaka ikabaki kipisi. Naishika ile ndefu kwa ncha za vidole, naikunja kidogo tu. Mmesikia wenyewe. Sasa namwomba kijana yeyote anayejiamini aje akivunje hiki kipisi kwa vidole hivyohivyo. Wewe wa shati la bluu, njoo. Kunja. Kunja zaidi. Haya, rudi ukakae, usije ukaumia kucha.

Chaki ni ileile, unga wake ni uleule. Kilichotofautiana ni urefu. Ile ndefu inakupa pa kushika huku na huku, nguvu yako inakuwa kama ya mtu aliyeshika mtaimbo. Kile kipisi hakikupi pa kushika.

Mgongo wa mtu mzima mwenye afya ni mkufu wa vipisi. Pingili zinazocheza ni 24: shingoni 7, kifuani 12, kiunoni 5. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mto mgumu kiasi unaonesa, na nyuma kuna viungo vidogo na kano zinazoruhusu kila pingili isogee kidogo. Ukianguka, kila kiungo kinapokea sehemu yake ya kishindo na kumpa jirani. Ndani ya pingili hizo unapita ugwe mgongo, kamba ya neva yenye unene wa kidole cha mwisho, inayochukua amri kutoka kwenye ubongo kwenda mikononi, miguuni, kwenye kibofu na pumzi.

Sasa chukua mkufu huo, uumiminie saruji kila pete, uache ukauke. Ndiyo habari ninayotaka kuizungumza leo: watu ambao uti wao umegeuka kuwa mfupa mmoja mrefu, na kinachowapata siku mfupa huo unapovunjika.

Ugonjwa wenyewe vitabu vinauita ankailozi spondilaitisi. Ni jina la kumkwaza hata daktari, kwa hiyo jioni hii nitauita mgando wa mgongo. Ni jamii ya baridi yabisi, lakini hauanzii vidoleni wala magotini kama ile tunayoijua kwa bibi zetu. Unaanzia pale uti unapokutana na nyonga, mara nyingi mtu akiwa bado kijana, miaka ishirini na kitu, na wanaume hupatwa vibaya zaidi. Dalili yake inapingana na mazoea. Mgongo uliochoshwa na jembe au magunia hupoa ukipumzika. Huu huuma zaidi ukipumzika. Mtu anaamka saa 9 usiku amekakamaa kama gogo, anazunguka uani mpaka alfajiri ndipo anapata nafuu. Majirani wanasema anawanga. Kumbe anajinyoosha.

Pale kano zinaposhika mfupa panakuwa na mchochota, na mwili, katika kujitibu, unajenga mfupa mpya. Tatizo ni kwamba hauachi kujenga. Mwaka baada ya mwaka kila pingili inatupa daraja kwa mwenzake, diski inageuka mfupa, mbavu zinagandamana na uti, na mgongo unazidi kuinama mbele. Kwenye picha ya eksirei maungio huonekana yamevimba kidogo kwa mpangilio, ndiyo maana vitabu vyote vinasema "mgongo wa mwanzi." Jina zuri, ila linadanganya. Mwanzi ukipigwa na upepo hupinda na kurudi. Mgongo huu haupindi. Ningeulizwa mimi, ungeitwa mgongo wa chaki.

Na si chaki imara. Wakati nje kunajengwa madaraja, ndani mfupa unaliwa. Mchochota wenyewe unaula, na kutocheza kunaudhoofisha. Mnaijua mbao iliyoingiwa na mchwa: rangi ipo, umbo lipo, ukigonga kwa kidole unasikia utupu. Hapo ndipo skrubu zetu za upasuaji zinapotakiwa kushika. Nitarudi huko.

Ni ugonjwa wa zamani. Tabibu wa Ireland, Bernard Connor, aliyezaliwa mwaka 1666 na kufariki kijana kabisa mwaka 1698, alieleza mifupa ya binadamu iliyopatikana Ufaransa ambayo nyonga, pingili na mbavu zilikuwa zimeungana kuwa kitu kimoja. Karne mbili baadaye, kati ya mwaka 1893 na 1898, Bekhterev wa Urusi, Strümpell wa Ujerumani na Pierre Marie wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, waliueleza kwa watu walio hai. Mwaka 1973 timu mbili, moja ya London na nyingine ya Los Angeles, zikagundua kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wa Ulaya na Marekani wana alama moja ya urithi kwenye seli zao, HLA-B27.

Alama hiyo ni adimu kwa Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara, na mgando wa mgongo nao ni adimu kwetu. Lakini mambo si mepesi hivyo. Wafula wa Gambia wanayo alama hiyo, tena si haba, na bado watafiti waliowachunguza hawakuuona ugonjwa. Kuna kitu kingine kinachowakinga. Kwa mwanafunzi anayetafuta kazi ya maisha, swali hilo liko wazi linamsubiri.

Adimu si sawa na haupo. Pwani hii imechanganya damu kwa zaidi ya miaka elfu, na mgonjwa wa mgando anapotokea huku kwetu hutibiwa kama mtu mwingine. Mtu aliyeinama, kwetu, ni kibiongo, na kibiongo madaktari wetu tumezoea kukifikiria kifua kikuu cha mgongo. Mara nyingi tunapatia. Ila vipinde hivi viwili havifanani ukiviangalia kwa utulivu: kifua kikuu hula pingili moja au mbili na kuacha ncha kali, kama kiwiko, mgando huinamisha mgongo mzima kwa mduara laini, kama mtu anayechungulia kisimani.

Halafu kuna binamu yake, ambaye nadhani ndiye atakayetujazia kliniki miaka ijayo. Mwaka 1950 Forestier na Rotés-Querol walieleza wazee ambao mfupa unawatiririka mbele ya pingili kama nta ya mshumaa. Huo hauna mchochota wa aina ile, na unaandamana sana na unene na kisukari. Kwa muda mrefu Firauni Ramesses wa Pili alihesabiwa kuwa mgonjwa wa mgando. Baadaye waliosoma upya picha za eksirei za maiti yake wakasema hapana, huyu alikuwa na ugonjwa wa Forestier. Kwa daktari wa ajali tofauti hiyo haipunguzi kitu. Uti ulioganda ni uti ulioganda, ukivunjika unavunjika kwa namna moja. Na kisukari kwenye miji yetu hakihitaji mhadhara. Tazameni tu foleni za kliniki zake.

Niwasimulie kwa nini nilichagua chaki.

Nilikuwa daktari wa mafunzo, mwaka wa kwanza, zamu ya usiku, katika hospitali ambayo sitaitaja. Akaletwa mwalimu mstaafu. Alikuwa ameinama kiasi kwamba akikusalimu anazungumza na mshipi wako. Wanafunzi wake wa zamani walimwita Mwalimu Upinde, nao walimpenda. Alikuwa ameteleza bafuni, kisogo kikagonga ukuta. Si kuanguka kwa kutisha. Alishuka kwenye teksi kwa miguu yake, ila alikuwa ameshika kidevu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtungi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Shingo imelia."

"Imelia vipi?"

"Ka! Kama chaki."

Mimi nilikuwa nimefundishwa utaratibu, na utaratibu ni mzuri: aliyeumia shingo alazwe chali, kwenye ubao ulionyooka, avishwe kola. Nikamlaza. Kisogo chake hakikufika kitandani. Palibaki pengo la shibiri nzima. Bintiye alikuwa amekuja na mito. Akaniambia, "Dokta, baba hulalia mito mitatu." Nikamjibu kwa upole, upole wa mtu asiyejua, kwamba mito hairuhusiwi. Nikaitoa. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso la mzee, nikakandamiza taratibu.

"Mwanangu," akasema, "kichwa changu hakifiki huko."

Kikafika.

Picha ya eksirei ilipotoka, mabega yalikuwa yameifunika shingo ya chini, na mfupa wenyewe ulikuwa mwepesi hata kivuli chake hakionekani vizuri. Niliandika kwamba hakuna mvunjiko. Baada ya nusu saa Mwalimu akaniuliza kama nimemfunika miguu. Nilitazama. Miguu ilikuwa wazi, na feni ilikuwa inapuliza juu yake.

Aliishi siku 11. Kilichomchukua ni nimonia, kama inavyowachukua wengi ambao kifua chao kimeganda na sasa misuli ya pumzi nayo imenyamaza. Bintiye hakunilaumu. Hakujua kama kuna la kulaumu, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Kilichotokea ndani ya shingo ile nimekielewa baadaye. Mvunjiko wa uti ulioganda haupasui pingili upande mmoja kama mvunjiko wa kawaida wa mtu aliyeanguka mnazini, ambapo mbele panabonyea na kano za nyuma zinabaki zimeshika. Huu unakata moja kwa moja, mbele, kati na nyuma, kwa sababu hakuna kano iliyobaki kuwa kano; zote ni mfupa. Mara nyingi unapita palepale penye diski iliyogeuka mfupa. Unapenda shingo ya chini, kati ya pingili ya 5 na ya 7, na baada ya hapo unapenda maungio ya kifua na kiuno. Vinabaki vipande viwili virefu vinavyocheza kimoja juu ya kingine, na katikati yake ugwe mgongo. Nilipokandamiza paji la uso nilikuwa nimeshika ncha ya mtaimbo. Mvunjiko ukafunguka mbele kama mdomo, nyuma ukabana. Tena mifupa hii hutoka damu sana. Damu ikijikusanya ndani ya mfereji wa uti hubana ugwe polepole, kwa saa kadhaa, na mgonjwa aliyeingia akitembea anakwisha mbele ya macho yako.

Kwa hiyo, ninyi mnaobeba watu, na katika nchi yetu anayebeba majeruhi mara nyingi ni dereva wa bodaboda au abiria wenzake: mtu aliyeinama siku zote alazwe ameinama hivyohivyo. Weka mito, khanga zilizokunjwa, gunia la nguo, chochote, mpaka kichwa kipate pa kupumzika pale kilipozoea. Kola ikikataa kukaa, iache. Muulize mwenyewe, au waulize wa nyumbani, analalaje. Hilo swali ni la sekunde 5.

Na kwa wenzangu wa hospitali: mwenye uti ulioganda akianguka, hata kutoka kwenye kigoda, na akasema ana maumivu mapya, huyo amevunjika mpaka skani ya CT ikatae. Tena skani ya uti wote, maana anaweza kuwa na mvunjiko wa pili mbali na ule unaouma. MRI, ikipatikana, itaonyesha damu iliyoganda na hali ya ugwe. Sikilizeni pia habari isiyofanana na habari ya ugonjwa. Kuna mtu ambaye miaka 10 hajaona mbele ila kwa kukodoa macho juu. Anaanguka, na kesho yake anaona mbele vizuri, familia inamshukuru Mungu. Uti ulioganda haunyooki wenyewe. Umevunjika.

Sasa tumefika chumba cha upasuaji.

Kiswahili kimetupa neno ambalo madaktari tumelisahau. Kuganga, kabla ya kuwa dawa na mafusho, ni kuunga kilichovunjika kwa kukifunga pamoja na kitu kigumu, na kile kigumu ndicho gango. Waulizeni mabaharia wa majahazi foromali inagangwaje. Foromali ni mti mrefu kupita chombo chenyewe, umebeba tanga lote. Ikikatika, fundi haweki kipande cha shibiri moja palipokatika. Anaweka mti unaopishana na mvunjiko kwa urefu mkubwa huku na huku, na kamba anafunga mahali pengi. Anajua kwamba urefu uleule uliovunja foromali utalivunja na gango fupi.

Mvunjiko wa kawaida wa uti tunaweza kuukamata kwa pingili moja juu na moja chini. Hapa hapana. Tunakwenda angalau pingili 3 juu na 3 chini. Kila pingili inaingizwa skrubu mbili, kushoto na kulia, kupitia shina la mfupa linalotoka nyuma kwenda mbele; njia aliyoianzisha Raymond Roy-Camille wa Paris miaka ya 1960. Zinakuwa skrubu 12, zimeunganishwa na vyuma viwili virefu kama nondo nyembamba za titani. Shingo ya chini ikivunjika, gango linaanzia katikati ya shingo linashuka mpaka kifuani. Wapo waliojaribu kuweka bamba mbele ya shingo peke yake, kwa sababu ni njia fupi na mgonjwa halazwi kifudifudi. Mara nyingi mno bamba linang'oka. Mbele na nyuma pamoja, sawa. Nyuma peke yake, mara nyingi inatosha. Mbele peke yake kwenye mfupa huu sishauri.

Lakini nimeruka mbali. Kabla ya kisu kuna shughuli mbili ambazo, kwangu, ndizo upasuaji wenyewe.

Ya kwanza ni ya mtaalamu wa usingizi. Ili mgonjwa wa kawaida awekewe mpira wa pumzi, kichwa hurudishwa nyuma. Cha huyu hakirudi, na kikirudi ndiyo balaa. Basi koo linapuliziwa ganzi, mgonjwa yu macho, na mrija mwembamba wenye kamera unapitishwa polepole mpaka kwenye koromeo. Mpira ukishakaa, anaambiwa asogeze vidole vya miguu. Akivisogeza, ndipo anapewa nusukaputi. Kifua chake hakipanuki, mbavu zimeganda, kila pumzi inategemea kiwambo peke yake. Mtaalamu anajua kwamba kumwachisha mashine baadaye kutakuwa kazi nyingine.

Ya pili ni kumgeuza kifudifudi. Watu watano au sita, mmoja ameshika kichwa na huyo ndiye anayetoa amri. Kabla ya hapo tumeshajenga kitanda. Nasema kujenga kwa makusudi: tunapima mduara wa mgongo wake, tunapanga mito na magodoro madogo, kichwa tunakishika kwa kibano maalumu kikiwa kimening'inia chini pale alipozoea, macho yasiguse kitu. Nimeona upasuaji ambao ulichukua saa 3 na kitanda kikachukua saa 1 na nusu. Wanafunzi hupiga miayo wakati huo. Msipige miayo. Picha ya eksirei inapigwa hapohapo, na ukiona mdomo wa mvunjiko umefunguka mbele, unainua au unashusha mto mmoja mpaka ufunge.

Baada ya hapo ndipo ngozi inakatwa, na unakuta nchi isiyo na alama za barabarani. Kwenye mgongo wa kawaida tunapata pa kuingizia skrubu kwa kuangalia viungo vidogo. Hapa viungo vimezikwa ndani ya mfupa mmoja laini mfululizo. Unategemea mashine ya eksirei ya mezani, au ramani ya kompyuta kama unayo. Mfupa ule wa mchwa unaachia skrubu kirahisi, kwa hiyo wakati mwingine tunaichomeka pamoja na saruji maalumu, na ndiyo maana tunaongeza idadi. Ikiwa ugwe umebanwa na damu au kipande cha mfupa, tunafungua paa la mfereji na kuusafisha. Ikiwa haukubanwa, siku hizi inawezekana kupitisha skrubu na vyuma kwa matundu madogo tu, bila kufungua mgongo wote, na damu inayopotea ni kidogo sana. Kwa mzee mwenye pumzi fupi hiyo ni tofauti kubwa.

Kuna faraja moja katika ugonjwa huu, nayo inatoka kwenye ubaya wake uleule. Mwili uliozoea kujenga mfupa pasipotakiwa haushindwi kujenga panapotakiwa. Mvunjiko ukitulizwa, unaunga vizuri, mara nyingi bila hata kupandikiza mfupa. Gango linatakiwa lishinde miezi michache tu. Usipotulizwa ndipo pale panabaki pakicheza miaka na miaka, panajitafuna. Andersson wa Sweden alieleza vidonda vya namna hiyo mwaka 1937, na vingi, tukivichunguza leo, ni mivunjiko ambayo hakuna aliyeitambua.

Wanafunzi huniuliza kila mwaka: Daktari, uti umevunjika, mgonjwa yuko mezani, vyuma viko mkononi, kwa nini usimnyooshe kabisa aondokane na kuinama? Ni swali la haki, na lina historia. Mwaka 1945 Smith-Petersen na wenzake wa Boston walichapisha njia ya kukata mfupa nyuma ya kiuno kilichoganda na kumnyoosha mgonjwa. Kwa shingo, Urist alifanya hivyo mwaka 1958 kwa ganzi tu, na Simmons wa Toronto akaiendeleza njia hiyo na kuiandika mwaka 1972: mgonjwa ameketi, yu macho, anazungumza, na daktari anauvunja uti wake kwa mikono huku akimwuliza kama bado anahisi vidole. Walikuwa watu wa moyo mgumu, madaktari na wagonjwa pia. Lakini angalieni tofauti. Wale walichagua mahali pa kuvunja, pale chini ya shingo ambapo mfereji ni mpana na ateri kubwa ya pingili haijaingia bado kwenye mfupa; walichagua siku; na walifungua nafasi ya ugwe kwanza. Anayeletwa usiku kutoka bafuni hakuchagua chochote. Wapo wenzangu, na ni mafundi kunizidi, wanaonyoosha palepale ikiwa kidevu kilikuwa kimegusa kifua. Mimi humrudisha mgonjwa kwenye mduara wake. Mishipa yake, koo lake na ugwe wake vimeuzoea kwa miaka 20. Sina haki ya kuvinyoosha usiku mmoja.

Je, kisu kinasaidia kweli? Takwimu zipo, na si za kupendeza. Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi walikusanya ripoti zilizochapishwa za wagonjwa wa mgando 345 waliovunjika uti. Karibu theluthi mbili waliumia kwa kishindo kidogo, kama cha Mwalimu. Karibu theluthi mbili walifika hospitali neva zikiwa zimeshadhurika. Waliofariki ndani ya miezi 3 walizidi mtu 1 kati ya 6, na waliopasuliwa karibu nusu yao walipata tatizo fulani: kidonda, mapafu, chuma kung'oka. Sweden, nchi inayoandika kila kitu, ilifuatilia watu 990 wa namna hiyo walioumia kati ya mwaka 1987 na 2011. Waliopasuliwa walikuwa 534, nao waliishi muda mrefu kuliko wasiopasuliwa. Mimi naziamini takwimu hizo kwa kiasi. Hakuna aliyepiga kura nani apasuliwe. Daktari alichagua, na daktari humchagua anayeweza kustahimili kisu. Hata hivyo, mbadala wake naujua. Ni kulala kitandani wiki 6 hadi 12, mzee ambaye kifua hakipanuki, akisubiri vidonda vya mgongoni na makohozi. Uzito wa kuvuta shingo, kama hakuna njia nyingine, uvute kwa kufuata mwelekeo wa shingo yake, mbele na juu, na uwe mwepesi. Ukivuta kwa mstari ulionyooka umefanya nilichofanya mimi kwa kiganja.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo Wasweden hawakulihesabu: skrubu 12 zina bei, na familia nyingi zinaanza kuchangishana mgonjwa akiwa wodini. Siku zinazopita katika michango hiyo ni siku za nimonia. Bima ikimfikia mtu kabla ya kuanguka, daktari anahesabu skrubu tu.

Nimalizie kwa mambo ya nyumbani, haraka, maana naona Mwenyekiti anatazama saa. Bafuni pawe na taa na pa kushika. Zulia linalokunjana litolewe. Kwenye gari, mto wa kichwa usogezwe mpaka uguse kisogo. Asiende kwa mtu wa kumnyoosha au kumkanyaga mgongo, na vinyozi wetu wenye mtindo wa kuvunja shingo ya mteja baada ya kumnyoa, huyu mteja wamwache na nywele zake. Mazoezi ya kila siku, kuogelea hasa, na dawa za kutuliza mchochota zianze mapema, kabla ya mgando. Zipo sindano mpya za tangu miaka ya 2000 zinazozuia kemikali ya mchochota. Zinafanya kazi, ni ghali, na zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo mgonjwa apimwe kwanza. Na mfukoni awe na karatasi yenye maneno machache: uti wangu umeganda, msininyooshe.

Mwaka jana alikuja kliniki fundi cherehani mmoja niliyempasua miezi 4 kabla. Alianguka kutoka kwenye kigoda chake mwenyewe, akitundika nguo. Mkewe alimleta ameketi, amemfunga mito shingoni kwa khanga, na aligombana na kila aliyetaka kuitoa, mimi nikiwa mmoja wao kwa dakika ya kwanza. Sasa ametembea kutoka kituo cha daladala. Ameinama vilevile alivyokuwa, digrii kwa digrii. Gango limemshika pale pale. Nikamuuliza kama kuna kinachomsumbua. Akanyamaza kidogo, uso wake ukielekea sakafuni kama siku zote.

"Mimi sina neno, Daktari," akasema. "Ila hivi viatu vyako tangu siku ile hujavipaka rangi."